Korongo la Samaria, Krete, wakati wa kiangazi: maswali na majibu kuhusu joto, maji na miguu

Korongo la Samaria liko kusini-magharibi mwa Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Ni hifadhi ya taifa tangu 1962, na kwa kawaida hupokea wageni kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba. Njia ina kilomita 16: takriban 13 ndani ya hifadhi, na 3 zaidi kutoka lango la chini mpaka kijiji cha Agia Roumeli, ufukweni. Wengi huimaliza kwa saa 5 hadi 7.

Njia yote ni mteremko. Ugumu uko wapi?

Mteremko ndio unaowaponza watu. Unaanzia Xyloskalo, mita 1,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, asubuhi ambayo huenda ukatamani sweta. Unamalizia ufukweni, adhuhuri. Kila unaposhuka mita 1,000 hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 au zaidi, na wakati huohuo jua linapanda. Joto mbili zinakukuta pamoja, miguu ikiwa imeshachoka. Kumbuka pia kwamba saa za Ugiriki husogezwa mbele wakati wa kiangazi, kwa hiyo jua la utosi huko si saa 6 mchana bali saa 7 na dakika 20 hivi. Kilomita zile 3 za mwisho, ukishatoka katikati ya kuta za korongo, hazina kivuli cha kutegemea.

Halafu hakuna barabara ya kutokea katikati. Anayezidiwa njiani hutolewa kwa miguu au kwa nyumbu (chotara wa punda na farasi), na kutoka Agia Roumeli ni boti. Basi panga safari kuanzia mwisho wake: uwe umefika kijijini kabla ya saa 8 mchana. Maana yake ni kuingia langoni linapofunguliwa, kwa kawaida saa 1 asubuhi, yaani 07:00 kwa saa za kizungu. Ulizia siku moja kabla kama korongo liko wazi, maana hufungwa siku za joto kali na za mvua kubwa.

Nimekulia Mombasa. Joto la Ulaya litanifanya nini?

Kama unaishi Oslo au Birmingham, litakufanya lile linalomfanya jirani yako. Mwili hujizoeza joto kwa siku 7 hadi 14 za kukaa na kujishughulisha humo: jasho huanza kutoka mapema, chumvi inayopotea hupungua, na damu huongezeka ujazo. Mazoea hayo huisha ndani ya wiki chache ukihamia kwenye baridi. Utoto wa pwani haubaki mwilini kama akiba.

Hewa ya Krete wakati wa kiangazi pia ni kavu kuliko ya Mombasa. Kwetu jasho hukulowesha shati ukajua unapoteza maji; kule hukauka papo hapo, ukabaki na ukoko mweupe wa chumvi kwenye kola. Usipange Samaria siku ya kwanza ya likizo. Subiri siku 4 au 5, na kila siku utembee kidogo asubuhi.

Nibebe maji kiasi gani?

Anza na lita 1.5 hadi 2. Ndani ya hifadhi kuna chemchemi za maji ya kunywa. Jaza chupa kila unapoipita moja. Kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, jumla nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Usizidishe lita 1.5 kwa saa. Maji matupu mengi kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Wenzako wanaweza kudhani ni upungufu wa maji wakakuongezea mengine.

Chumvi basi itoke kwenye chakula: zeituni, jibini, karanga za chumvi, mkate. Pakiti moja au mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ziwe mkobani. Mkojo wa manjano hafifu ni dalili nzuri. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, simama, na umwone mtabibu siku hiyohiyo, kwani huenda misuli imeumia.

Nitajuaje kama mwenzangu amechoka tu au amepatwa na kiharusi cha joto?

Tazama akili yake kabla ya ngozi yake. Aliyechoshwa na joto ana kizunguzungu, jasho jingi, kichefuchefu, mikakamao ya misuli, lakini anakujibu sawasawa. Mweke kivulini, mwinue miguu, mloweshe shingo na kichwa, mpe maji yenye chumvichumvi polepole. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, tafuta msaada.

Anayejibu ovyo, anayeyumba kama mlevi, anayekuwa mkali bila sababu, anayepata degedege au kuzimia, huyo mchukulie kuwa na kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40, na kila dakika inaunguza viungo. Usingoje ngozi ikauke: kwa mtembeaji, kiharusi cha joto mara nyingi huja na jasho tele. Mpoze hapohapo kabla ya kufikiria kumsafirisha. Mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, rudia bila kukoma. Kama kuna kijito karibu, mlaze majini huku mmemshika kichwa; kuoga kijitoni kumekatazwa hifadhini, ila hapa si kuoga. Asipewe kinywaji akiwa amechanganyikiwa, na paracetamol haisaidii kabisa. Piga 112, namba ya dharura ya Ulaya; simu isiposhika, mtume mtu kwa mlinzi wa hifadhi.

Nani asiende, au aende baada ya kumwona daktari?

Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito, na aliyeharisha au kupata homa siku mbili zilizotangulia. Wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za msongo wa mawazo, za mzio zinazoleta usingizi, au lithiamu, waulize kwanza. Wasiache dawa kwa uamuzi wao.

Selimundu (siko seli), ugonjwa wa damu wa kurithi, ni jambo la kusisitiza kwa watu wetu. Kukaukiwa maji na kazi ngumu huamsha maumivu makali, kwa hiyo mgonjwa wa selimundu aiache njia hii. Aliyerithi kinasaba kimoja tu huweza kutembea, ila kwa mwendo wa kupumzika, bila kushindana na mtu.

Ngozi nyeusi inahitaji krimu ya jua?

Ndiyo, yenye kiwango cha kinga cha SPF 30, hasa puani, masikioni na shingoni. Inaungua polepole, lakini inaungua. Kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu hufanya kazi kubwa zaidi.

Magoti na vidole je?

Kata kucha siku mbili kabla. Kwenye mteremko vidole hugonga ncha ya kiatu, kucha ikageuka nyeusi. Viatu viwe vimeshazoea mguu wako, na viache nafasi ya upana wa kidole mbele. Paja hufanya kazi ya breki njia nzima, ndiyo maana maumivu huja kesho yake na keshokutwa. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo wa magoti. Ukihisi mahali panachoma, simama ubandike plasta kabla ya lengelenge kuinuka.

Na nyoka?

Krete haina nyoka mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Ogopa mawe yanayoporomoka: pale palipo na kibao cha tahadhari, pita upesi, usipige picha.

Nikifika baharini nijitupe majini?

Kaa kwanza kivulini dakika 20, unywe, ule kitu cha chumvi. Ulizia boti ya mwisho inaondoka saa ngapi. Ukienda kuoga, usivue viatu mpaka ukingoni mwa maji, maana changarawe za Agia Roumeli ni nyeusi na mchana huunguza nyayo.