Tiketi za Zamani za Barabarani na Ombi la Uraia wa Marekani

Wanaofika kwenye meza yetu ya msaada wa uraia huwa wamejiandaa kwa maswali ya katiba na historia. Wanajua idadi ya maseneta, wanajua nani aliandika Tangazo la Uhuru. Wanapokwama, mara nyingi ni kwenye swali ambalo hawakulitegemea kabisa, lililoko katika sehemu ya makosa ya fomu N-400, ile ya kuombea uraia: je, umewahi kukamatwa, kupewa tiketi, kuzuiliwa au kufungwa na askari au afisa yeyote wa sheria, kwa sababu yoyote ile?

Wengi husoma mpaka neno "kukamatwa". Wanajua hawajawahi kulala rumande, basi wanaweka alama kwenye "hapana" na kugeuza ukurasa. Neno linalowaponyoka katika Kiingereza cha fomu ni "cited". Ile karatasi aliyokupa polisi dirishani kwa kwenda maili 45 penye kikomo cha 30, mahakama inaiita "citation". Sisi tunaiita tiketi, na kwa kuwa neno tiketi halimo kwenye swali, mtu haoni kwamba anaulizwa yeye.

Tena "umewahi" hiyo haina kikomo. Kipindi rasmi cha kupimwa tabia njema, ambayo ni sharti la kupata uraia, ni miaka 5 kabla ya kutuma ombi, au miaka 3 kwa anayeomba kupitia ndoa na raia. Swali lenyewe halikuulizi miaka mitano, linakuuliza maisha yako yote, Marekani na kwingineko. Na sheria inamruhusu afisa anayepitia ombi lako kutazama nyuma zaidi ya kipindi hicho akiona yaliyopita yanasema jambo kuhusu tabia yako ya leo.

Je, tiketi ya mwendo kasi inaweza kukunyima uraia? Tiketi moja iliyolipwa, bila pombe, bila dawa za kulevya, bila mtu kuumizwa, kwa kawaida haikunyimi. Kinachokunyima ni ulichosema juu yake, au ulichoacha bila kukimaliza.

Jambo hili lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Aprili 2017 majaji walikuwa wanasikiliza kesi ya Divna Maslenjak, mkimbizi Mserbia kutoka Bosnia aliyevuliwa uraia kwa sababu alidanganya kuhusu utumishi wa mume wake jeshini. Jaji Mkuu John Roberts akamkatiza wakili wa serikali kwa mfano wake mwenyewe: zamani aliwahi kuendesha maili 60 kwa saa penye kikomo cha 55, na hakukamatwa. Angekuwa mhamiaji, akaliacha hilo nje ya fomu, serikali ingeweza kumvua uraia miaka 20 baadaye? Wakili akajibu kwamba ikithibitika alificha kwa makusudi, ndiyo. Jaji Mkuu hakuficha mshangao wake. Juni mwaka huohuo majaji wote 9 walikubaliana dhidi ya msimamo wa serikali: ili mtu ahukumiwe na kupokonywa uraia kwa kosa hilo, lazima uongo wake uwe ulichangia kumpatia uraia.

Wapo wanaoitumia hukumu hiyo kujifariji: kumbe vidogo havihesabiki. Hapo ndipo wanapokosea. Hukumu ya 2017 inamkinga mtu ambaye tayari ni raia. Wewe uliye kwenye kiti cha usaili unatazamwa na kanuni nyingine, ambayo Mahakama hiyohiyo iliifafanua mwaka 1988 katika kesi ya Kungys: ukisema uongo kwa mdomo, chini ya kiapo, kwa nia ya kupata haki ya uhamiaji, unahesabiwa huna tabia njema hata kama jambo ulilolidanganyia lilikuwa dogo kiasi gani. Na kumbuka usaili wa uraia huanza kwa kuapishwa, kisha afisa anaipitia fomu yako swali kwa swali. Kwa hiyo tiketi ya dola 120 ambayo isingekudhuru inageuka kuwa sababu ya kukataliwa, na saa ya miaka mitano inaanza kuhesabiwa upya kutoka siku ya uongo ule. Sheria inadai kuwe na nia ya kudanganya, ni kweli, kusahau si kosa. Lakini kazi ya kumshawishi afisa kwamba ulisahau ni yako.

Basi jibu "ndiyo", halafu orodhesha: tarehe, mji na jimbo, kosa, na mwisho wake ulikuwaje. Kama hukumbuki tarehe, andika mwaka wa kukadiria na useme ni makadirio. Kabla ya hapo agiza rekodi yako ya udereva kutoka kila jimbo ulilowahi kuwa na leseni. Rekodi hizo zina mipaka yake. Majimbo mengi hufuta makosa madogo baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo rekodi safi haina maana kwamba hukuwahi kupewa tiketi. Vivyo hivyo kwa kesi iliyofutwa au kufungwa na mahakama. Mwanasheria wa tiketi anaweza kuwa alikuambia "imekwisha, haipo tena", na kwa bima ya gari au kwa mwajiri huenda alisema kweli. Maelekezo ya N-400 yanasema wazi kwamba unatakiwa kuitaja hata kama rekodi ilifutwa na hata kama jaji au wakili alikuambia huna rekodi.

Kuhusu vielelezo, maelekezo hayo kwa miaka mingi yamekuwa na nafuu moja: huna haja ya kuambatisha hati za tukio la barabarani lisilohusu pombe wala dawa za kulevya, ambalo hukukamatwa, na adhabu yake pekee ilikuwa faini ya chini ya dola 500 au pointi kwenye leseni. Soma maelekezo ya toleo lilelile la fomu unayojaza, maana matoleo hubadilika. Watu huisoma nafuu hii vibaya. Inakusamehe kuambatisha karatasi, haikusamehe kulijibu swali. Mimi huwaambia waombaji wabebe risiti siku ya usaili hata zisipotakiwa. Afisa akiuliza "ulilipa?", karatasi inajibu haraka kuliko Kiingereza cha mtu aliyeshikwa na wasiwasi.

Tiketi ya maegesho ni jambo tofauti kidogo, na ile ya kamera pia. Jijini New York, kwa mfano, kamera ya mwendo kasi hutuma notisi ya dola 50 kwa mwenye gari kwa mujibu wa usajili, bila pointi, na bila kuuliza nani alikuwa kwenye usukani. Hapo hakuna askari aliyekusimamisha wewe. Wanasheria hawakubaliani kama notisi hizo zinaingia ndani ya swali. Ushauri wangu ni kuzilipa zote, kisha kuandika mstari mmoja wa maelezo kwamba uliwahi kupata tiketi za maegesho na huna deni. Mstari huo haujawahi kumdhuru mtu niliyemsaidia.

Sasa nije kwenye tiketi zinazotutia hofu kweli, ambazo ni zile zilizoachwa. Jamii yetu ina madereva wengi wa malori. Mtu anatoka Texas na mzigo, anapewa tiketi Indiana, nyingine Pennsylvania, anaziweka kwenye droo ya lori akisema atalipa akipumzika. Hazilipwi. Au zinapelekwa kwenye anwani ya zamani, ameshahama. Tarehe ya mahakama inapita bila yeye kujua. Kuanzia hapo lile kosa la mwendo linazaa kosa jingine, la kutofika mahakamani. Hakimu anaweza kutoa hati ya kukamatwa. Majimbo mengi yana mkataba wa kupashana habari za madereva wa nje ya jimbo, kwa hiyo jimbo la nyumbani linaweza kusimamisha leseni kwa tiketi ya Indiana. Yeye anaendelea kuendesha, na siku akisimamishwa tena anakutwa anaendesha akiwa na leseni iliyosimamishwa, kosa ambalo katika majimbo mengi ni la jinai. Yote yalianzia kwenye karatasi moja iliyosahauliwa.

Mtu wa namna hii asitume N-400 kwanza. Ombi la uraia linaambatana na alama za vidole zinazopelekwa FBI, na hati ya kukamatwa iliyolala miaka 8 inaweza kuamka siku ambayo hukuitarajia. Mpigie simu karani wa mahakama ya kaunti ile ilikotolewa tiketi. Mahakama nyingi zinamruhusu dereva kumaliza jambo kwa barua, kwa mtandao au kupitia wakili wa hukohuko, bila kusafiri. Ukilipa, usiridhike na ujumbe wa benki. Omba nakala ya uamuzi yenye mhuri wa mahakama inayoonyesha kesi imefungwa na hakuna deni. Na kama faili ni la zamani mno na limeshateketezwa, jambo ambalo hutokea, omba barua ya karani inayosema walitafuta kwa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa na hawakupata kitu. Barua hiyo inakubalika kama kielelezo.

Hapa kuna mtego mmoja. Kabla ya kulipa tiketi ya zamani, hakikisha unajua kosa lililoandikwa juu yake. Kulipa mara nyingi ni sawa na kukiri, na si kila tiketi ni ya kosa dogo. Virginia ndiyo mfano unaowashangaza watu: kwenda maili 20 au zaidi juu ya kikomo, au kupita maili 85 kwa saa mahali popote, kunahesabika kuwa uendeshaji wa hatari. Hilo ni kosa la jinai la daraja la juu kabisa kati ya makosa yasiyo mazito, na adhabu yake inaweza kufika miezi 12 jela na faini ya dola 2,500. Askari anakupa karatasi inayofanana na tiketi nyingine yoyote. Mtu anatia sahihi, anaendelea na safari, na miaka kadhaa baadaye anatuambia "ilikuwa spidi tu".

Kuendesha ukiwa umelewa kuna mizani yake peke yake. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua katika shauri la Castillo-Perez kwamba aliyetiwa hatiani mara mbili au zaidi kwa kosa hilo ndani ya kipindi cha kupimwa anachukuliwa kuwa hana tabia njema mpaka athibitishe kinyume, na kwamba kuacha pombe tu hakutoshi kuthibitisha. Mara moja pekee haifungi mlango yenyewe, ila mara nyingi inakuja na kipindi cha uangalizi wa mahakama, na ombi la uraia haliwezi kupitishwa wakati bado uko chini ya uangalizi huo. Kosa likihusisha dawa za kulevya, swali linaweza kuacha kuwa la uraia likawa la kubaki nchini. Kwa kesi kama hizi tafuta wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kabla ya kutuma chochote. Yule bwana wa mtaani anayejaza fomu kwa dola 100 na kukushauri uandike "hapana" hatakuwepo kwenye chumba cha usaili.

Agosti 2025 USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, iliwaelekeza maafisa wake wapime tabia njema kwa kutazama maisha ya mwombaji kwa ujumla, badala ya kuhakikisha tu kwamba hana kosa lililokatazwa. Katika mifano ya mambo yanayoweza kuhesabiwa dhidi ya mwombaji, waraka huo unataja kuvunja sheria za barabarani kwa uzembe wa hatari au kwa mazoea. Kwa hiyo aliyekuwa na tiketi 11 ndani ya miaka 4 asitegemee kwamba kila moja ni ndogo. Zikiwekwa pamoja zinasimulia hadithi. Waraka huohuo unawataka maafisa wapime pia upande wa pili: kazi, kodi zilizolipwa, malezi ya familia, mchango katika jamii. Dereva mwenye rundo la tiketi za zamani na miaka 3 ya mwisho isiyo na doa aende na ushahidi wa hiyo miaka 3, pamoja na cheti cha mafunzo ya udereva salama kama alihudhuria.

Ukiwa mbele ya afisa, usijieleze kupita alichouliza. "Ndiyo, nimepata tiketi tatu za mwendo kasi, zote nimelipa, hizi hapa risiti" inatosha. Ukigundua pale pale kwamba kuna moja uliisahau kwenye fomu, iseme kabla hajaigusa yeye. Maafisa hurekebisha fomu kwa kalamu mbele yako wakati wa usaili, ni sehemu ya kazi yao ya kila siku, na kosa lililotajwa na mwombaji mwenyewe halina ladha ya kufichwa.

Kupita usaili hakumalizi jambo. Siku ya kiapo unakuja na fomu nyingine fupi, N-445, inayouliza yaliyotokea tangu siku ya usaili. Hii haikuachii nafasi ya kubahatisha maana ya "cited", kwa sababu imetaja makosa ya barabarani waziwazi. Mtu aliyepewa tiketi Jumanne akielekea kazini na anaapishwa Ijumaa anajibu "ndiyo", anaandika kosa na tarehe, na anabeba nakala ya tiketi au risiti yake kwenye bahasha ileile aliyoweka kadi ya ukaazi ambayo ataikabidhi mlangoni.