Mgeni, joto la Dar na safari ya miguu: maswali na majibu

Nimetoka Njombe, shambani nashinda juani kutwa nzima. Mbona Dar naishiwa nguvu kabla ya saa sita?

Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Dar, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, hewa imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho linachuruzika tu na kudondoka. Unapoteza maji na chumvi, na bado hupoi. Moyo nao unafanya kazi ya ziada kupeleka damu kwenye ngozi ili joto litoke. Mwili huzoea hali hiyo kwa wiki moja hadi mbili, hivyo mgeni wa siku mbili asishindane na wabeba mizigo wa Kariakoo.

Nizunguke vipi, basi?

Amkia Soko la Samaki la Feri alfajiri, halafu fuata ufukwe wa Kivukoni hadi Kanisa la Azania Front, na kutoka hapo Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927. Jua likipanda, ingia Makumbusho ya Taifa, kisha pumzika chini ya miti ya Bustani ya Mimea iliyo jirani. Kariakoo iache hadi saa kumi jioni.

Ninywe maji kiasi gani?

Mafunda machache kila baada ya robo saa hivi, usingoje kiu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokoza, umechelewa. Lakini usibugie lita kadhaa za maji matupu kwa mkupuo, maana chumvi ya damu inaweza kushuka mno. Dafu ni zuri, ila lina chumvi kidogo. Kula na kitu chenye chumvi. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wamuulize daktari kwanza.

Wanawake wengi hujinyima maji mjini kwa kuogopa kukosa choo. Tafadhali usifanye hivyo. Panga vituo vyako penye choo, kama makumbusho au mgahawa.

Na malengelenge?

Vaa raba ulizozizoea, na soksi. Lengelenge usilipasue. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, kwani anaweza kuumia asihisi.

Mwenzangu ana kizunguzungu na kichefuchefu. Nifanye nini?

Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji au ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji) kidogo kidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mpeleke hospitali.

Akianza kuongea ovyo, akapata degedege au akazimia huku mwili unawaka, hiyo ni dharura inayoua. Kama hajitambui sawasawa, usimnyweshe chochote. Panadol haisaidii joto la namna hii. Omba watu waite gari, na wewe anza kumpoza hapo hapo barabarani: mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa khanga au boksi, muwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Endelea hivyo hata ndani ya gari.