Ondoa foili kwenye kitambulisho chako

Ile sauti ya WhatsApp imerudi tena. Mwanamume mwenye uhakika wa kutisha anatangaza kwamba kitambulisho kipya cha Kenya, kile cha Maisha, kina chipu inayoiambia serikali ulipo kila baada ya dakika chache. Aliyenitumia safari hii ni mwalimu wa fizikia. Mwalimu wa fizikia, jamani! Na kadi yake kaifunga foili. Naandika hapa ili siku nyingine nitume linki tu, nisibishane.

Kutuma mawimbi mpaka yafike kwenye mnara kunataka umeme, na kadi ile haina betri. Chipu za kadi za aina hii hulala fofofo mpaka zichomekwe au zisogezwe kwenye mashine ya kusomea. Mashine ndiyo huipa chipu umeme, chipu ikajibu, kisha ikalala tena. Zile za kugusisha husomeka kwa sentimita 10 hivi, usitarajie zaidi. Na GPS yenyewe haitumi chochote: kipokezi husikiliza setilaiti, kikapiga hesabu, basi. Chenye betri, antena na laini iliyosajiliwa kwa jina lako ni simu, nayo inaongea na mnara usiku kucha wewe ukikoroma. Hiyo hujaifunga foili. Foili, tuseme haki, huzuia kweli mawimbi ya kadi. Ni dawa nzuri ya ugonjwa usiokuwa nao.

Lakini wanaowacheka watu kwa uvumi huu wananiudhi zaidi ya wanaoueneza. Uvumi una mzizi. Mwaka 2018 Bunge la Kenya lilibadilisha Sheria ya Usajili wa Watu kupitia mswada wa marekebisho mchanganyiko, ule unaobadili sheria nyingi kwa mpigo, likaanzisha NIIMS, mfumo wa taifa wa utambulisho ambao mtaani tuliuita Huduma Namba. Sheria hiyo ilitaja waziwazi DNA, na ikataja GPS ya mahali mtu anapoishi. Ilikuwa nukta moja ya kujaza, nyumba yako iko wapi, wala si kufuatwa njiani. Ila ukichomeka DNA na GPS ndani ya sheria mchanganyiko, halafu uwapange watu foleni kutoa alama za vidole, usimlaumu ajuza aliyesikia "wanatufuata". Babu yake alitembea na kipande, kitambulisho cha wakoloni, ndani ya kijaluba cha chuma shingoni. Ana kumbukumbu nzuri kuliko msemaji wa serikali.

Mahakama Kuu ilifuta vipengele hivyo viwili, cha DNA na cha GPS, tarehe 30 Januari 2020, kwenye kesi ya Nubian Rights Forum na wenzao, ikaruhusu mfumo uendelee kwa sharti la kuwekewa kanuni kamili. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka. Maisha Namba, mfumo wa kadi hii mpya, nayo imesimamishwa na mahakama na kuachiliwa zaidi ya mara moja. Haya mnayajua, napita.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Chipu mnayoiogopa ndiyo sehemu pekee ya mfumo huu inayoweza kuwa rafiki wa faragha yako. Data iliyo ndani yake huwekewa saini ya kidijitali na aliyeitoa, yaani muhuri wa kihesabu unaoonyesha kwamba haijachezewa. Mashine iliyopo dirishani inaweza kuikagua saini hiyo palepale, ikalinganisha kidole chako na kilichohifadhiwa kwenye kadi, ikatoa jibu bila kuuliza popote. Umetambuliwa, umehudumiwa, umeondoka, na makao makuu hayana habari kwamba ulifika kliniki ya aina gani siku hiyo.

Njia ya pili ndiyo tuliyoizoea. Karani anaandika namba yako kwenye kompyuta, kompyuta inauliza seva ya kati, seva inajibu. Kila ulizo linabaki kwenye logi, daftari la kumbukumbu la seva: namba ipi, nani kauliza, saa ngapi. Benki asubuhi, hospitali adhuhuri, laini mpya ya simu jioni. Hakuna aliyekufuata barabarani, lakini mwenye logi anaweza kuichora siku yako nzima akiwa amekaa kitini. Na haihitaji chipu hata kidogo. Kadi ya karatasi yenye namba inatosha.

Mimi kazi yangu ni kuunganisha sako (vyama vya akiba na mikopo) pamoja na taasisi ndogo za mikopo kwenye huduma za kukagua vitambulisho. Swali la sako huwa moja: jina hili na namba hii ni vya mtu mmoja? Jibu linalostahili ni ndiyo au hapana. Kuna huduma moja niliyowahi kuiunganisha, sitaitaja, ambayo ukiipa namba inakurudishia jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, alikozaliwa mtu, jina la mama na picha. Nikamwambia mteja, tutachukua jina tu, mengine tuyatupe. Akaniangalia kama niliyemwambia amwage maziwa. "Weka yote, huenda tukayahitaji." Sijawahi kukutana na mteja aliyeomba data kidogo. Hapo ndipo faragha yako hufa, kwenye kikao cha saa nne asubuhi, chai ipo mezani, na hakuna jasusi hata mmoja chumbani.

Halafu kuna sisi wenyewe. Soja wa geti anakudai jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, unaandika kwenye daftari ambalo wote waliokutangulia wanasomeka juu yako. Nenda saiba yoyote inayosaidia watu kujaza fomu za serikali, uangalie skrini ya kompyuta: vitambulisho vilivyoskaniwa vimejaa, kila faili ina jina la mwenyewe, na mteja anayefuata anakaa palepale. Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama vya siasa ambavyo hawakuvijua, namba zao zikiwa sahihi kabisa. Namba hizo zilitoka kwenye vitambulisho vya zamani, visivyo na chipu.

Kuhusu namba zenyewe, haraka haraka. Namba nzuri haisemi kitu. Ya Tanzania, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, huanza na tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukimpa mtu namba umempa na umri. Ya Rwanda ina mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Ya Uganda huanza kwa herufi za uraia na jinsia. Wahindi kwenye Aadhaar, namba yao ya utambulisho, walichagua tarakimu 12 za nasibu, na hapo waliwaza sawasawa, hata kama mengine mengi walibishania hadi Mahakama ya Juu.

Jambo jingine ambalo hata wahandisi wenzangu hulichanganya: kukagua kwamba wewe ni wewe si sawa na kukutafuta wewe ni nani. Ukaguzi hulinganisha kidole chako na alama moja, yako. Utafutaji hukilinganisha na za watu wote. Chukua mashine inayokosea mara moja tu katika kila ulinganisho milioni moja. Kwenye ukaguzi ni mashine bora. Itafutie mtu mmoja kwenye hifadhi ya watu milioni 30, itakuletea wastani wa watu 30 wasiohusika. Ndiyo maana huwa wanaongezwa vidole vingi, macho, sura, na bado anahitajika binadamu wa kuamua. Huyo binadamu ana foleni ndefu na anataka kwenda kula.

Na hata mashine isipokosea, balaa lipo. Kule Garissa na kaunti jirani, ukame ulipobana, kuna familia za Wakenya zilizojiandikisha kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili zipate chakula cha mgao. Watoto wakafika miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho, vidole vikaonekana kwenye orodha ya wakimbizi. Ombi likakataliwa. Miaka ikapita bila kitambulisho: hakuna kazi rasmi, hakuna laini ya simu kwa jina lako, ukikutana na polisi ni wewe na bahati yako. Hapo hakuna aliyedukua kitu. Hifadhi mbili zilipatana, kama zilivyoundwa kupatana, na aliyeamua ziunganishwe hakujiuliza kwa nini mtu mwenye njaa huweka kidole mahali. Ukiniuliza unachopaswa kuogopa kwenye Maisha Namba, namba moja kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha kifo katika kila ofisi, nitakuonyesha Garissa.

Sasa ya chini ya meza, ambayo sisi tunaouza mifumo hatuyaweki kwenye slaidi. Nimeisifu chipu inayokaguliwa bila kuuliza seva. Mashine hiyo haijui kwamba kadi iliripotiwa kupotea jana. Dawa yake ni kupakua orodha ya kadi zilizofutwa kila asubuhi, na naijua ile ofisi ya wilayani yenye mtandao wa kubahatisha: orodha itakuwa ya mwezi uliopita. Kidole nacho kina yake. Mvuna chai wa Kericho na bibi wa miaka themanini wana vidole vilivyolika, mashine inawakana mchana kweupe, na utaratibu wa dharura ukiwa rahisi matapeli wataupitia, ukiwa mgumu bibi atarudi nyumbani bila dawa. Sina kipimo cha katikati. Huwa nakisia, na kila mradi nakisia tofauti.

Kwa hiyo ukienda kwenye kikao cha kutoa maoni ya umma, acha habari za setilaiti. Uliza logi inatunzwa kwa muda gani, nani anaisoma, na polisi wanaipata kwa amri ya mahakama au kwa simu ya mkubwa. Uliza kwa nini sako inahitaji jina la mama yangu. Uliza anayekataliwa na mashine anakata rufaa wapi, kwa siku ngapi, na nani anamjibu kwa maandishi.

Mimi ningeomba pia walichonacho Estonia: mwananchi anaingia kwenye akaunti yake anaona ofisi gani imefungua rekodi yake. Nimelipigia debe wazo hili kwa miaka. Kisha mwenzangu wa kazini akaniuliza, na yule mke ambaye mumewe ndiye anayeshika simu na nywila za nyumba nzima? Logi inayomwonyesha mke kwamba hospitali ilifungua rekodi yake Jumanne itamwonyesha na mume. Tukisema kliniki zifichwe, mfisadi wa kwanza ataiandikisha ofisi yake kama kliniki. Tumelizungusha kwenye ubao mchana mzima na hatukutoka na jibu.