Kerneli mpya imegoma kuwaka? Angalia kwanza iliposimama

Mara ya kwanza nilipokompaili (yaani kujenga kutoka kwenye msimbo) kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wenyewe, kwa mkono wangu, kazi ilichukua karibu saa mbili na haikutoa kosa hata moja. Nikawasha upya kifua mbele. Maandishi yakapita kwa sekunde mbili tatu, kisha kila kitu kikagandia hapa:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Nikarudi kwenye kerneli ya zamani, nikafuta kila nilichokuwa nimejenga, nikakompaili tena kwa mipangilio ileile. Saa mbili nyingine, mstari uleule. Aibu yenyewe ni kwamba mstari ule ulikuwa umeniambia kosa liko wapi. Niliutazama, sikuusoma.

Nimejenga kerneli nyingi tangu hapo, na ni mara chache mno nilipokuta kosa liko kwenye msimbo wa kerneli. Kwa kawaida ni makabidhiano. Kompyuta inapowaka, UEFI, programu ya msingi ya mashine, humwachia kazi GRUB, kipakiaji cha mfumo. GRUB hupakia kerneli na initramfs, mfumo mdogo wa muda, kwenye kumbukumbu. Kerneli huamka, hufungua initramfs. Initramfs hutafuta diski yenye mfumo na kuikabidhi kwa init, programu ya kwanza ya mfumo, ambayo siku hizi mara nyingi ni systemd. Ni mbio za kupokezana kijiti. Kijiti kikidondoka, kinachotakiwa kujulikana kwanza ni kilikuwa mkononi mwa nani.

Ili uone kilipodondokea, acha kuficha maandishi. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, futa quiet na splash, halafu Ctrl+X. Kama mashine iko mbali nawe, ongeza panic=10 ili ikipaniki ijiwashe upya baada ya sekunde 10, na uichague kerneli mpya kwa amri ya grub-reboot, ambayo huitumia kwa mara moja tu. (Kwenye Debian na jamaa zake, GRUB_DEFAULT kwenye mipangilio ya GRUB iwe saved kwanza.) Hivyo jaribio likifeli, mashine inarudi yenyewe kwenye kerneli ya zamani. Na hiyo ya zamani usiifute. Kwa lolote.

Turudi kwenye ule mstari, maana umebeba mengi. Namba mbili zilizo kwenye mabano ni utambulisho wa kifaa: ya kwanza ni familia yake, ya pili ni nafasi yake ndani ya familia hiyo. Sifuri na sifuri maana yake kerneli haikupata kifaa chochote kinacholingana na ulichoandika kwenye root=, agizo linaloitaja diski ya mfumo. Ukiona (8,1), hilo ni tatizo jingine kabisa: 8 ni familia ya diski za SCSI, ambamo SATA na USB pia huingia, na (8,1) ni sda1. Diski imeonekana, sehemu yake imeonekana, ila mfumo wa faili uliomo haukueleweka. Diski za NVMe mara nyingi huja na 259. Kwa hiyo (0,0) inakupeleka kwenye viendeshi vya diski au kwenye initramfs, ilhali (8,1) na (259,2) zinakupeleka kwenye chaguo za mipangilio ya kerneli (faili ya .config) kama CONFIG_EXT4_FS, CONFIG_BTRFS_FS au mfumo wowote unaoutumia. Juu kidogo ya mstari huo kerneli huorodhesha sehemu za diski inazoziona. Orodha ikiwa tupu, huna kiendeshi cha diski.

Sasa, inakuwaje kiendeshi kikosekane wakati umekiweka? Ni kwamba umekiweka kama moduli, yaani kipande cha kerneli kinachokaa kwenye faili yake pembeni, herufi m kwenye .config, na moduli huishi ndani ya /lib/modules, kwenye diski ileile ambayo kerneli haiwezi kuifungua bila moduli hiyo. Funguo zimefungiwa ndani ya nyumba. Initramfs ipo kwa ajili ya hali hiyo: ni mfumo mdogo unaopakiwa kwenye kumbukumbu ukiwa umebeba moduli zinazohitajika. Mimi siku ile nilisahau kuitengeneza. Nilikuwa nimefanya make na make modules_install, nikanakili bzImage, faili ya kerneli yenyewe, kwenye /boot, nikaondoka.

Wapo wasiotaka initramfs kabisa, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao. Unajenga kiendeshi cha diski na mfumo wa faili ndani ya kerneli kwa herufi y: CONFIG_BLK_DEV_NVME kwa NVMe, au CONFIG_SATA_AHCI pamoja na CONFIG_BLK_DEV_SD kwa SATA. Hili linafanya kazi vizuri mpaka ukutane na mtego ulioniweka mezani usiku mzima: root=UUID=... haifanyi kazi bila initramfs. UUID ya mfumo wa faili hutafutwa na programu zilizo ndani ya initramfs. Kerneli peke yake haiijui. Inachokielewa ni PARTUUID, utambulisho wa sehemu ya diski, au jina kama /dev/nvme0n1p2. Unakuwa na viendeshi vyote, orodha ya sehemu za diski imejaa, na bado unaandikiwa (0,0).

Mtego wa pili ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda mtego, ni make localmodconfig. Amri hii hutazama moduli zilizopakiwa sasa hivi na kuzima nyingine zote, hivyo muda wa kukompaili hupungua sana. Niliitumia nikiwa nimeingia kwenye mashine kwa SSH, yaani kupitia mtandao, kibodi ya USB haijachomekwa. Kerneli ikawaka vizuri mpaka ilipofika kuomba neno la siri la diski iliyosimbwa. Nikachomeka kibodi, nikaandika. Kimya. Moduli ya usbhid, kiendeshi cha kibodi za USB, haikuwa imepakiwa wakati wa kupanga, kwa hiyo haikujengwa. Tangu hapo, kabla ya amri hiyo huchomeka kila kitu nitakachowahi kukitumia: kibodi, diski za nje, hata kebo ya mtandao.

Ukiishia kwenye ganda dogo la BusyBox (sehemu ya kuandikia amri) lenye neno (initramfs) pembeni, furahi kidogo. Kerneli iko hai na kijiti kimefika initramfs. Andika cat /proc/cmdline uone kama root= ni ile uliyoitarajia, kisha blkid uone diski zipi zinaonekana. Halafu linganisha uname -r na jina la folda iliyomo ndani ya /lib/modules. Ukijenga kutoka kwenye hazina ya git (programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo) yenye mabadiliko yasiyo na lebo, toleo hupewa alama ya kujumlisha mwishoni. 6.6.0 na 6.6.0+ kwa macho yetu ni mtu na ndugu yake. Kwa kerneli ni wageni wasiojuana, na moduli za mmoja hazitafutwi kwenye folda ya mwingine.

Initramfs yenyewe nayo inaweza kushindwa kufunguka. Ukiona "Initramfs unpacking failed" kisha (0,0), chunguza mbinu ya kubana. Kerneli ilianza kuelewa initramfs zilizobanwa kwa zstd katika toleo la 5.9, mwaka 2020. Kama mfumo wako hubana kwa zstd na wewe hukuwasha CONFIG_RD_ZSTD, umempa mtu barua kwa lugha asiyoisoma. Angalia pia df -h /boot, kwa sababu faili iliyokatika katikati baada ya nafasi kujaa huleta dalili zinazofanana. Na kama initramfs yako ni ya mamia ya megabaiti, moduli zimebeba taarifa za utatuzi; zipunguze kwa make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install. Nimeshuhudia GRUB ikilalamika "out of memory" kwa sababu hiyo tu.

"Failed to execute /init (error -8)" huwachanganya wengi kwa kuwa faili ipo kabisa. Namba 8 ni ENOEXEC: kerneli haijui namna ya kuendesha aina hiyo ya faili. Kwenye Debian, init ya ndani ya initramfs ni skripti ya ganda, kwa hiyo aliyezima CONFIG_BINFMT_SCRIPT akidhani haina kazi amejikata mguu.

Kijiti kikidondoka mapema zaidi, mkononi mwa GRUB, na ukasoma "bad shim signature", hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa UEFI wakati wa kuwasha, inakataa kerneli isiyo na sahihi. Itie sahihi kwa ufunguo wako uliousajili kwa mokutil, au zima Secure Boot wakati wa majaribio.

Skrini nyeusi ndiyo mbaya kuliko zote, maana haina cha kusoma. Kwanza jua kama mashine imekufa au imepofuka tu. Bonyeza Caps Lock: taa ikiitika, kuna uhai. Jaribu kuipigia ping. Kwenye laptopu nyingi taa hiyo ikimetameta yenyewe, kerneli imepaniki nyuma ya pazia. Ikiwa hai, washa kwa nomodeset, ukiiongeza kwenye ule mstari wa linux. Maandishi yakirudi, mkosaji ni kiendeshi cha kadi ya picha, na hapa ushauri wangu wa juu unageuka. Ukijenga amdgpu, kiendeshi cha kadi za AMD, ndani ya kerneli kwa y, huanza kazi kabla diski haijafunguliwa, na faili za fimuwea (programu za kadi yenyewe) inazozihitaji zipo kwenye hiyo diski. Iache iwe m, au ziingize faili hizo kwa CONFIG_EXTRA_FIRMWARE. Hakikisha pia CONFIG_FRAMEBUFFER_CONSOLE imewashwa.

Likibaki lile gumu, yaani toleo la zamani linawaka na jipya haliwaki, huanza na scripts/diffconfig kati ya faili mbili za .config, mara nyingi chaguo lililobadilika kimyakimya hujitokeza hapo. Lisipojitokeza, ni git bisect, ambayo hulisaka badiliko lenye kosa kwa kugawa orodha nusu kwa nusu. Mabadiliko 16,000 huhitaji takriban raundi 14 za kujenga na kuwasha, na kama hitilafu haitegemei kifaa halisi, raundi hizo nazifanyia ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, kwa -kernel na console=ttyS0, ambako panic yote hubaki kwenye terminali na naweza kuinakili badala ya kuipiga picha kwa simu.