Wanawake Wenye Njozi wa Zama za Kati: Wanayosingiziwa na Yaliyo Kweli

Wakitajwa wanawake wa Ulaya ya Zama za Kati waliosema kwamba Mungu amezungumza nao, watu huwagawa mafungu mawili: watawa wapole waliozama katika sala, au waasi waliotaka kulivunja Kanisa. Migawanyo yote miwili inaficha kazi yao. Walizijua sheria za Kanisa, wakajua kila agizo lina mpaka wake, na hapo mpakani ndipo waliposimama.

Dhana: Wote walikuwa watawa.
Hildegard wa Bingen (1098–1179) alikuwa abesi (mkuu wa monasteri ya wanawake) wa shirika la Wabenedikto, ndiyo. Lakini Katarina wa Siena alikuwa mlei wa utawa wa tatu wa Wadominiko, yaani tawi la walei wanaofuata shirika hilo bila kuishi monasterini, na Margery Kempe alikuwa mke wa mtu, mama wa watoto 14. Kulikuwa pia na mabegini, walioishi maisha ya sala na kazi za mikono bila nadhiri za kudumu. Tofauti hii ilikuwa na uzito: mtawa alikuwa na shirika la kumtetea, begini alijitetea mwenyewe.

Dhana: Walijidharau, ndiyo maana walijiita wanawake dhaifu wasio na elimu.
Mwanamke alikatazwa kufundisha hadharani. Aliyesema “haya ni mawazo yangu” alikuwa tayari amevunja katazo. Aliyesema “nimeamriwa kuandika” alimwachia askofu swali zito: je, anayenena ni Mungu au siye? Kwa unyonge huohuo Hildegard alimkaripia kwa barua mfalme Frederick Barbarossa, na Katarina akamhimiza Papa Gregori XI aache woga na kurudi Roma kutoka Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo ambako mapapa walikuwa wakiishi. Papa alirudi Januari 1377. Siasa za Italia zilimsukuma pia, lakini sauti ya Katarina ilikuwemo.

Dhana: Kupinga mamlaka maana yake ni kuliasi Kanisa.
Mwaka 1178 viongozi wa Kanisa mjini Mainz, Ujerumani, waliamuru maiti ya mtu wa ukoo bora ifukuliwe kutoka makaburi ya monasteri ya Hildegard, kwa kuwa marehemu aliwahi kutengwa na Kanisa. Hildegard alikataa: mtu huyo alikuwa ameungama, amepakwa mafuta matakatifu na kupokea Ekaristi kabla ya kufa. Monasteri ikawekewa marufuku ya ibada: hakuna komunyo, hakuna kuimba, masifu (sala za kila siku za watawa) yasomwe kwa sauti ya chini milango ikiwa imefungwa.

Hapa ndipo wengi wanapomwelewa vibaya. Hildegard aliitii adhabu, ila agizo la kufukua hakulitekeleza. Nyimbo zikanyamaza, kaburi likabaki. Kisha akapigana kwa ushahidi. Alipatikana askari aliyeondolewa adhabu ya kutengwa pamoja na marehemu, na padre yuleyule aliyewaondolea. Kwa wakubwa wa Mainz aliandika kwamba wanaonyamazisha sifa za Mungu bila sababu ya haki watakosa nafasi katika sifa za malaika mbinguni. Marufuku iliondolewa mwaka 1179, miezi michache kabla hajafa, akiwa na miaka 81 hivi.

Dhana: Marguerite Porete alichomwa moto kwa uchawi au kwa njozi zake.
Hapana. Alikuwa begini kutoka Hainaut, eneo la mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji ya leo, na kosa lake lilikuwa kitabu. Kioo cha Nafsi Sahili, alichokiandika kwa Kifaransa, ni mjadala kati ya Upendo, Akili na Nafsi. Kinazungumzia Kanisa Dogo linaloongozwa na Akili na Kanisa Kubwa linaloongozwa na Upendo. Askofu wa Cambrai alikichoma hadharani katika mji wa Valenciennes, mwandishi akitazama, na kumwonya asikisambaze tena. Alikisambaza.

Alifungwa Paris mwaka 1308. Mchunguzi wa uzushi alimtaka aape kusema kweli kabla ya kuhojiwa, naye akakataa kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Ukimya huo ulikuwa na bei: anayekataa kuapa hutengwa, na akikaa ametengwa zaidi ya mwaka bila kutubu, sheria humhesabu mzushi. Na kwa kuwa alikwisha kuonywa, alihesabiwa aliyerudia kosa, hivyo hakubaki na njia ya kusamehewa.

Wanateolojia 21 wa Chuo Kikuu cha Paris walisomewa vipande vilivyonyofolewa kitabuni. Kimoja kilisema nafsi iliyojikana kabisa huziaga fadhila, yaani tabia njema. Kikisomwa peke yake, kinaruhusu dhambi. Kitabuni, fadhila haziondoki: nafsi huacha kuwa mtumwa wa fadhila, nazo zikaanza kuitumikia nafsi. Kumhukumu mtu kwa nusu ya hoja yake ni dhuluma, hata kama wahukumu ni wasomi. Marguerite alichomwa Place de Grève, uwanja wa Paris, tarehe 1 Juni 1310.

Dhana: Moto ulimaliza kila kitu.
Kitabu kilinakiliwa bila jina la mwandishi, kikatafsiriwa kwa Kilatini, Kiitalia na Kiingereza, na kusomwa ndani ya monasteri kwa karne nyingi. Mwaka 1927 toleo la Kiingereza lilichapwa kwa idhini ya Kanisa lenyewe. Mwaka 1946 Romana Guarnieri, mtafiti wa Italia, aligundua kwamba kitabu hicho ndicho kilichohukumiwa Paris, na jina la Marguerite Porete likarudishwa mahali pake.