Je, wajua kwa nini petroli ya oktani ya juu haiongezi nguvu ya kila gari?

Wenye magari wengi wakikuta pampu mbili za petroli, moja ya 91 na nyingine ya 95, huamini kuwa namba kubwa ina nguvu zaidi. Sivyo. Oktani haipimi nguvu ya petroli. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kugandamizwa bila kuwaka yenyewe.

Pistoni inapopanda ndani ya silinda, hugandamiza hewa na petroli mpaka vinapata joto kali. Plagi inatoa cheche, moto unaanzia hapo na kusambaa kwa mpangilio, ukiisukuma pistoni chini. Oktani ikiwa ndogo kuliko inavyohitajika, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto hujiwasha wenyewe kwa mkupuo mmoja. Hapo injini hugonga: unasikia mlio mkavu wa chuma, hasa ukipanda mlima kwa gia kubwa huku umekanyaga mafuta. Tafadhali usiuzoee mlio huo. Ukiachwa uendelee, unaweza kutoboa pistoni, kuvunja ringi zake au kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Namba zenyewe zinatokana na vimiminika viwili: isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya 95 ni ile ambayo, ikijaribiwa kwenye injini maalumu, inagonga sawasawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Haina maana kwamba ndivyo vilivyomo ndani yake, na ndiyo maana kuna mafuta yanayozidi 100.

Hapa wengi hupotea. Nchi nyingi hutumia kipimo cha oktani kiitwacho RON, lakini Marekani na Kanada huandika wastani wa RON na MON, kipimo kingine chenye masharti makali zaidi. Kwa hiyo 87 ya Marekani inakaribiana na 91 ya RON. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani likiandikwa 91, linahitaji takribani RON 95 au 96. Kabla ya kulinganisha namba, hakikisha ni za kipimo kimoja.

Injini zenye mgandamizo mkubwa, na nyingi zenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda), ndizo zinazohitaji oktani ya juu. Soma kitabu cha gari au ndani ya kifuniko cha tangi. Kikisema 91 inatosha, kuweka 95 kwa kawaida ni kupoteza pesa. Kikisema 95 "inapendekezwa", 91 itakuendesha, ila sensa ikihisi injini inagonga, kompyuta itachelewesha cheche, nguvu ipungue kidogo na ulaji wa mafuta uongezeke. Kikisema 95 ni "lazima", tii. Usafi wa injini ni habari nyingine: unategemea viambato vya kusafisha vilivyotiwa kwenye petroli, si oktani.

Kama petroli ni sahihi na injini bado inagonga, kagua joto la injini, masizi ndani ya silinda na majira ya cheche.

Na ukiwa umejaza oktani ndogo kwa bahati mbaya, huna haja ya kumwaga tangi zima. Endesha taratibu, usibebe mzigo mzito, kisha tangi likifika nusu ongeza ya juu: nusu ya 91 na nusu ya 95 hukupa takribani 93.