Mkrismasi uliopukutika si lazima uwe umekufa

Kila kiangazi ujumbe huu hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: mkrismasi au mjakaranda ukipukutisha majani yote umeshakufa, ukate kabla haujaangukia nyumba. Si kweli. Miti hii hudondosha majani ili isipoteze maji udongo unapokauka. Mjakaranda mara nyingi huchanua zambarau ukiwa karibu mtupu. Mkrismasi, wenye asili ya Madagaska, huwaka mwekundu kuelekea Desemba, ndipo ulipopata jina.

Kabla ya kumwita mwenye msumeno, kwangua kwa ukucha gome la kitawi chenye unene wa penseli. Ukiona kijani na unyevu chini yake, kitawi ki hai, na mti pia. Ukikuta kahawia kavu, usihukumu bado, huenda ni kitawi hicho tu. Jaribu matawi 3 au 4 ya pande tofauti, ukishuka kwenye yaliyo manene. Kitawi kikavu huvunjika kwa mlio, kibichi hupinda.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Mwembe wa jirani una majani mwaka mzima, na yale maganda meusi ya mkrismasi, marefu kama panga, yanautia sura ya mzoga. Ni ya mbegu tu. Wengine huumwagilia kila siku "ufufuke". Maji yakituama, mizizi huoza.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Dalili za kutisha kweli ni uyoga shinani, gome linalobanduka lenyewe na shina linalobonyea ukilisukuma kwa kidole. Hapo mwite anayejua miti.